Shajara ya mradi: Meza za kueleza BP na USP kwenye boksi la dawa

9 Machi 2024: Wazo lenyewe

Chukua boksi la parasetamo kwenye duka la dawa, uwe Tanga au Mwanza, usome mbele yake. Mara nyingi baada ya jina la dawa utakuta herufi mbili au tatu: BP, au USP. Wanafunzi wangu wa famasia huziona kila siku wakiwa kwenye mazoezi ya kazi, na wengi wao hudhani ni sehemu ya jina la kampuni. BP ni Famakopia ya Uingereza, USP ni Famakopia ya Marekani. Famakopia ni kitabu rasmi kinachosema dawa yenye jina fulani ni kitu gani hasa, nguvu yake iwe kiasi gani, na ipimweje ili ijulikane kuwa ni yenyewe. Mtengenezaji anayeandika herufi hizo ametamka kwamba dawa yake imetimiza masharti ya kitabu hicho.

Ninataka kutengeneza meza kadhaa za maonyesho zinazoeleza vitabu hivi vilianzaje. Ziwe za kukunjwa na kubebwa, na kila moja iwe na kitu cha kushika kwa mkono. Habari za nani aligundua dawa gani zimejaa vitabuni. Ninachokitafuta mimi ni namna watu waliokuwa wakibishana walivyofika mahali pa kusema: kuanzia leo jina hili lina maana moja, nchi nzima.

Ninaandika hatua kwa hatua ili mwalimu mwingine anayetaka kuiga aone kilichogoma na kiasi cha fedha kilichotoka. Nitaishia mwaka 1906. Ya baada ya hapo ni mengi na yanastahili kazi yake.

23 Machi 2024: Bango la miaka halikufaa

Hatua ya kwanza ilikuwa bango la mita nne lenye mshale wa miaka. Lilianzia China, ambako mwaka 659 watu waliotumwa na mfalme wa ukoo wa Tang walimaliza kitabu cha dawa zaidi ya 800. Likapita kwa Sabur ibn Sahl, aliyefariki mwaka 869, ambaye kitabu chake cha kuchanganya dawa kilitumika hospitalini. Likaja Florence mwaka 1499, Nuremberg mwaka 1546, London mwaka 1618, hadi Washington mwaka 1820. Lilichapwa vizuri, rangi zimekolea. Gharama: shilingi 60,000.

Nililitundika kwenye korido ya madarasa. Watu walipita. Waliosimama kusoma walitoka na picha iliyonitia wasiwasi zaidi kuliko kutosoma: kwamba kila kitabu kilikuwa ngazi juu ya kilichotangulia, na kwamba mambo yalipanda yenyewe taratibu hadi kufika kwetu. Mshale ndio uliowafundisha hivyo, maana mshale hauwezi kuonyesha kitabu kilichorudishwa kiwandani, wala miji miwili iliyotoa vitabu viwili vinavyogombana kwa jina moja.

Bango limekunjwa, limewekwa stoo. Kanuni mpya ya kazi hii: kila meza ibebe ugomvi mmoja, na ugomvi huo uonekane kwa kitu, si kwa maandishi. Maandishi yasizidi karatasi moja ya A2 kwa meza.

Plywood ya milimita 12, shuka mbili: 110,000. Fundi seremala wa Ngamiani amekata, ameweka bawaba na miguu ya kukunja: 60,000. Kazi yake ni safi, sina la kuongeza.

13 Aprili 2024: Meza ya 1, kitabu kilichoondolewa

Nimeanza na London kwa sababu hapo ndipo serikali ilipoingia wazi. Hadi mwishoni mwa 1617 wauza dawa wa London walikuwa ndani ya chama kimoja na wafanyabiashara wa viungo na bidhaa za jumla. Desemba mwaka huo Mfalme James wa Kwanza aliwapa hati ya chama chao wenyewe. Mei 1618 Chuo cha Madaktari cha London kikatoa famakopia yake, na tangazo la mfalme likaagiza wauza dawa wa England wote waifuate na kuacha vitabu vingine.

Desemba mwaka uleule, kitabu kikaondolewa na kutolewa upya. Madaktari walimtupia lawama mchapaji: eti aliharakisha, akakitoa kabla hakijaiva. Lakini ukilinganisha matoleo hayo mawili unaona zaidi ya makosa ya chapa, kwa sababu la pili liliongezwa dawa nyingi. Yaani wenye chuo wenyewe walikuwa hawajakubaliana kitabu kiwe na nini. Kiwango cha kwanza cha England nzima, kilichoagizwa kwa Kiingereza cha mfalme na kuandikwa kwa Kilatini cha madaktari, kilidumu miezi saba.

Nimeweka majalada mawili ya kadibodi yaliyounganishwa kwa bawaba: la Mei na la Desemba. La Mei lina muhuri mwekundu, LIMEONDOLEWA. Kasoro ilijitokeza siku ileile: wanafunzi walidhani ni sisi tuliokosea kuchapa tukagonga muhuri, wakalifunua la pili tu. Dawa yake ilikuwa kuandika tarehe mbili kwa herufi kubwa, 7 MEI na 7 DESEMBA, na kufunga majalada yasifunguke mpaka usome tarehe zote mbili. Sasa swali linalotoka kila mara ni "nini kilitokea katikati?", na hilo ndilo nililokuwa nikilitaka.

Pembeni nimeweka kadi ya teriaki, mchanganyiko wa kale wenye vitu makumi kadhaa, nyama ya nyoka ikiwemo. Famakopia ya London iliendelea kuubeba hadi ilipoutoa mwaka 1788. Ni kadi ndogo, lakini ninaithamini. Kitabu rasmi kinaweza kulinda upuuzi kwa miaka 170 kwa sababu tu kila toleo linanakili lililotangulia, na mwanafunzi anayejifunza kuheshimu viwango anapaswa kulijua hilo mapema.

4 Mei 2024: Meza ya 2, matone

Meza hii imekula muda na vifaa kuliko zote, na ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayetaka kuanza na moja tu.

Kwa muda mrefu kipimo kidogo kabisa cha dawa ya maji kilikuwa tone. Daktari aliandika matone kadhaa ya afyuni iliyoyeyushwa kwenye pombe, na muuza dawa akahesabu. Ilichukuliwa kwamba tone ni tone. Si kweli. Ukubwa wa tone unategemea kimiminika chenyewe, mdomo wa chombo linakotoka, na hata kasi ya mkono. Mwaka 1809 Famakopia ya London iliacha tone na kuweka mahali pake kipimo kinachoitwa minimu, sehemu ya 60 ya drakma ya maji (kipimo cha ujazo cha wauza dawa), kinachosomwa kwenye mrija wa kioo wenye mistari. Mrija huo ulibuniwa na Timothy Lane, muuza dawa. Ninamtaja kwa makusudi, kwa sababu kitabu kilikuwa cha madaktari lakini tatizo hili lilitatuliwa na mtu aliyekuwa akipima dawa kwa mikono yake.

Jaribio lilivyopangwa: dropa moja, maji kwenye kikombe kimoja, spiriti kwenye kingine, silinda mbili za kioo za mililita 10. Mwanafunzi ahesabu matone mpaka mililita mbili. Linaonekana rahisi.

Mara ya kwanza majibu yalitawanyika kabisa. Mmoja alipata matone machache ya maji, aliyemfuata akapata mengi, na tofauti kati ya mkono na mkono ilikuwa kubwa kiasi cha kufunika tofauti kati ya maji na spiriti. Dropa zilikuwa za plastiki, midomo yake laini; ukibana kwa nguvu tone linarushwa kabla halijajaa, ukiinamisha dropa tone linatambaa ubavuni na kukua. Dada wa maabara alishauri tutumie jedwali la wastani. Nilikataa, kwa sababu mgeni hatakaa mezani kukokotoa wastani, anataka kuona.

Marekebisho, kwa mpangilio huu:

Kwanza, dropa za kioo zenye mdomo mgumu badala ya plastiki. Pili, stendi ya maabara yenye kibano, dropa isimame wima, mwanafunzi asiishike kabisa isipokuwa kubana mpira. Tatu, dropa ileile moja kwa vimiminika vyote viwili, ioshwe na kukaushwa katikati, kwa sababu dropa mbili za boksi moja hazilingani. Nne, tone lidondoke kwa uzito wake, lisisukumwe. Hili la nne ndilo gumu. Tulilitatua kwa kulegeza mpira kidogo na kusubiri.

Baada ya hapo meza ilitulia. Maji yalitoa karibu matone 20 kwa kila mililita. Spiriti ilitoa zaidi ya maradufu. Sababu ni mvutano wa uso: maji hushikana sana kwenye ukingo wa dropa, kwa hiyo tone linaning'inia mpaka liwe zito, spiriti haishikani hivyo, linaanguka likiwa bado dogo. Wanafunzi wanaijua sheria hii kwa kuisoma. Hawakuwa wamewahi kuiona ikigeuka kuwa dozi.

Baada ya kuona, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Mwalimu, sasa mgonjwa aliyebadilishiwa dawa ya maji kwa ya spiriti, matone yaleyale, amekunywa nusu?" Chini ya nusu kwa ujazo, ndiyo, hata kabla hujauliza nguvu ya dawa yenyewe. Na akibadilishiwa kinyume chake amekunywa zaidi ya mara mbili. Kama ni afyuni, hiyo ni hatari ya kifo.

Tahadhari kwa anayeiga: spiriti inashika moto, weka meza mbali na jiko na taa za moto, na usiache chupa wazi chumba kikiwa na joto. Usitumie dawa yoyote halisi. Maji na spiriti vinatosha.

Gharama: silinda na dropa 30,000, spiriti na iodini (ya meza nyingine) 14,000. Stendi ni ya maabara.

25 Mei 2024: Meza ya 3, wakia mbili

Fupi. Wauza dawa wa Uingereza na Marekani walikuwa na wakia yao ya greni 480, karibu gramu 31.1. Wakia ya dukani, ya kupimia sukari na nyama, ilikuwa greni 437.5, karibu gramu 28.35. Maneno yanafanana, mizani haifanani. Muuza dawa aliyenunua kwa wakia moja na kuuza kwa wakia nyingine aliishi ndani ya mkanganyiko huu kila siku. Wasomaji wa pwani ambao wazee wao walipima karafuu kwa ratili na frasila hawatahitaji maelezo marefu.

Nilishona vifuko viwili vya mchele, kimoja cha kila uzito, ili wanafunzi wavishike. Masika yakaingia, mchele ukavuta unyevu, na vifuko vikapotoka kwenye mizani. Tofauti nzima ya wakia hizo mbili ni gramu 2.75 tu, hakuna nafasi ya mchele kucheza. Tulihamia kwenye nati na washa za chuma, tukazisugua kwa tupa, tukazipaka vanishi kuzuia kutu, kisha tukazirekebisha tena kwa sababu vanishi nayo ina uzito. Gharama: 7,000. Ukiishi karibu na bahari usitumie chochote kinachovuta unyevu, chumvi ndiyo kabisa.

22 Juni 2024: Meza ya 4, Washington 1820

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo kwangu.

Marekani baada ya uhuru haikuwa na kitabu chake. Wakati wa vita vya uhuru, mwaka 1778, daktari William Brown alitoa kijitabu cha kurasa 32 kwa ajili ya hospitali ya jeshi iliyokuwa Lititz, Pennsylvania. Mwaka 1808 chama cha madaktari wa Massachusetts kikatoa chake, na mwaka 1816 hospitali ya New York ikatoa chake. Vingine vilitoka Ulaya: London, Edinburgh, Dublin. Kila mji ulisoma kitabu chake.

Januari 1817 Lyman Spalding, daktari aliyehamia New York kutoka New Hampshire, aliwasilisha pendekezo mbele ya chama cha madaktari cha New York: ligawanywe taifa katika kanda nne, Kaskazini, Kati, Kusini na Magharibi, kila kanda ikutane, iandike rasimu, ichague wajumbe, kisha wajumbe wakutane Washington tarehe 1 Januari 1820 na kuunganisha rasimu hizo kuwa kitabu kimoja. Serikali haikumtuma wala bunge halikupitisha sheria. Alichokuwa nacho ni barua na subira.

Wajumbe waliofika siku hiyo walikuwa 11, wote madaktari. Walikaa katika ukumbi wa Seneti ndani ya jengo la bunge, wakamchagua Samuel Latham Mitchill kuwa mwenyekiti. Rasimu zilizokuwa mezani zilitoka Boston na Philadelphia, yaani Kaskazini na Kati. Desemba 15 mwaka uleule kitabu kikatoka Boston, kwa Kilatini na Kiingereza, orodha kuu ikiwa na dawa 217, na orodha ya pili ya zile ambazo hawakuwa na hakika nazo sana. Spalding alifariki Oktoba 1821.

Meza nimeitengeneza iwe mkutano. Wanafunzi 11 wanakaa, wanagawiwa kadi za dawa, wanapiga kura ipi iingie. Kadi na karatasi za kura: 12,000.

Raundi za mwanzo hazikuzaa kitu. Kila kadi ilipita! Mtu anapendekeza, wenzake wanaona haya kumkatalia, mkono unanyooka, inayofuata. Mwisho wa zoezi orodha ilikuwa na kila kitu, na ugomvi haukutokea hata kidogo. Nilijaribu kuwaambia "kuweni wakali zaidi", haikusaidia; adabu ya darasa letu ni kutomwaibisha mwenzako hadharani, na ni adabu nzuri.

Kilichofungua zoezi ni mambo mawili. La kwanza, nafasi ikawa na mpaka: ubao una vishimo 12 vya kadi, na kadi ziko 30. Ukitaka yako iingie, sema ipi itoke. La pili, nikaweka vishimo vya orodha ya pili, kama walivyofanya mwaka 1820. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya ile orodha ya pili, ambayo nilikuwa nikiipita haraka ninaposoma: ilimpa mjumbe njia ya kukubali kushindwa bila kufedheheka. Dawa ya kwenu haikutupwa, imewekwa pembeni. Bila mlango huo sidhani watu 11 kutoka miji inayoshindana wangemaliza kazi.

Halafu nikaongeza kiti cha 12, kitupu, chenye kadi iliyoandikwa MUUZA DAWA. Sitoi maelezo mpaka mwanafunzi aulize. Watu waliotengeneza dawa kila siku hawakuwa na sauti mwaka 1820. Kasoro zilionekana upesi: kitabu kilisema dawa itengenezwe hivi, na aliyejaribu akaona hivi hakuwezekani. Mwaka 1830 mambo yaliharibika zaidi, kwa sababu New York na Philadelphia zilishindwa kuelewana, na zikatoka famakopia mbili za taifa moja, ya New York mwaka 1830 na ya Philadelphia mwaka 1831. Ya Philadelphia ndiyo iliyokubalika. Kuanzia marekebisho ya mwaka 1840 vyuo vya famasia vikaalikwa kuchangia, na kitabu kilichotoka 1842 kina alama ya mikono yao.

Wanafunzi wangu wanasomea kazi hiyohiyo ya kiti kitupu. Wamekigombania.

13 Julai 2024: Meza ya 5, forodha na mzizi wa kalumba

Kitabu kikiwepo, nani anahakikisha kinafuatwa? Kwa miaka 28 ya mwanzo, kwa ngazi ya taifa, jibu la Marekani lilikuwa: hakuna. Kitabu kilikuwa cha hiari. Juni 1848, baada ya kelele nyingi kuhusu dawa mbovu, zikiwemo zilizofika kwa wanajeshi katika vita vya Meksiko, bunge lilipitisha sheria ya dawa zinazoingia kutoka nje. Wakaguzi wakawekwa kwenye bandari kubwa, New York na Boston zikiwemo, na kipimo chao kikawa famakopia: ya Marekani pamoja na za Ulaya zilizotajwa. Mara ya kwanza kitabu kile kikapata meno.

Meno yenyewe yalikuwa na mapengo. Wakaguzi wengine walipewa kazi kwa sababu ya chama cha siasa, bila kujua dawa. Na sheria haikugusa dawa iliyochakachuliwa ndani ya nchi. Aliyezuiwa bandarini angeweza kuchanganya mwenyewe akishafika mjini.

Kwa meza hii nilitaka kitu cha kwetu, na kipo. Mzizi wa kalumba unatoka pwani ya Afrika Mashariki, hasa Msumbiji. Ni mchungu, ulitumika kwa tumbo, na famakopia za Ulaya na Marekani za karne ya 19 ziliuorodhesha. Kwa muda mrefu wanunuzi wa Ulaya waliuhusisha na Colombo, Sri Lanka. Marekani kulikuwa na mmea mwingine kabisa, frasera, uliouzwa kama kalumba ya Marekani, na mizizi ile ikakanganywa. Hili ndilo tatizo ambalo famakopia iliundwa kulishughulikia: jina moja, mimea miwili, na mnunuzi asiyeweza kutofautisha.

Nilizunguka sokoni kutafuta kalumba halisi. Wauzaji wawili walinipa mizizi miwili isiyofanana, kila mmoja akiwa na hakika. Mama wa pili alikuwa mkweli zaidi, alisema, "Mwanangu, mimi nauza nilicholetewa. Aliyechimba ndiye anayejua." Sikuwa na njia ya kuthibitisha hata mmoja, kwa hiyo yote miwili imeondolewa kwenye meza. Gharama iliyopotea: 6,000. Ila maneno ya yule mama nimeyaandika juu ya ubao, kwa ruhusa yake na bila jina, kwa sababu hakuna maelezo bora ya kwa nini bandari zilihitaji wakaguzi.

Badala ya mzizi tumeweka kipimo. Kalumba ina wanga mwingi, na wanga ukikutana na iodini hugeuka bluu iliyoiva karibu na nyeusi. Vipimo vya namna hii, rangi na mashapo, ndivyo vilivyowasaidia wakaguzi kutenganisha mizizi. Tuna visahani vitatu vya unga mweupe: wa muhogo, chokaa laini ya chaki, na mchanganyiko wa viwili hivyo. Mwanafunzi anadondosha iodini na kuamua upi apitishe forodhani.

Kisahani cha tatu kilileta shida. Hata chaki yenye muhogo kidogo sana iligeuka bluu, na wanafunzi wakaipitisha kama muhogo safi. Nilitaka kupunguza muhogo, kisha nikaacha kama kilivyo na kubadilisha swali kwenye karatasi. Kipimo kinakuambia wanga upo. Hakikuambii upo peke yake, wala ni kiasi gani. Famakopia zenyewe zilipita njia hiyo: matoleo ya mwanzo yalieleza zaidi jina na namna ya kutengeneza, na vipimo vya utambulisho na usafi vikaongezeka sana mwishoni mwa karne ya 19, chini ya watu kama Charles Rice aliyeongoza marekebisho ya mwaka 1880 ya Marekani.

3 Agosti 2024: Meza ya 6, na siku ya kufungua

Meza ya mwisho ni chupa tatu za maji yenye rangi ya chakula, lebo ileile, ukolezi tofauti: London, Edinburgh, Dublin. Hadi katikati ya karne ya 19 Uingereza na Ireland zilikuwa na famakopia hizo tatu kwa pamoja, na cheti kilichoandikwa Scotland kikipelekwa London kingeweza kutoa dawa yenye nguvu nyingine. Sheria ya mwaka 1858 ilikabidhi Baraza Kuu la Madaktari kazi ya kuziunganisha, na mwaka 1864 ikatoka Famakopia ya Uingereza ya kwanza, ile BP ya kwenye boksi. Ilipokelewa vibaya. Mwaka 1867 likatoka toleo jingine, safari hii wanafamasia wakiwa na mkono mkubwa zaidi, Theophilus Redwood akiwa mmoja wao. Ukitoka kwenye kiti kitupu cha meza ya nne ukafika hapa, huhitaji kuambiwa kitu.

Juu ya meza hiyo kuna karatasi moja ya mwaka 1906: sheria ya Marekani iliyosema dawa inayouzwa kwa jina lililomo kwenye USP lazima ifikie nguvu, ubora na usafi wa kitabu. Sheria hiyo iliacha mlango: muuzaji aliweza kwenda tofauti mradi aandike tofauti hiyo kwenye lebo. Tangu ukumbi wa Seneti hadi hapo ni miaka 86.

Wanafunzi wa mwaka wa pili ndio waliosimamia meza siku ya kufungua. Matone yalivuta watu wengi kuliko yote, na foleni ikaziba meza ya kwanza. Kwa hiyo matone yahamishiwe mwisho wa chumba au yawe na dropa mbili zenye stendi mbili. Ukiweka mbili, pima kila moja kwa maji kwanza na uandike idadi yake ubavuni, kwa sababu hazitalingana. Mkutano wa 1820 unahitaji chumba chake, kelele zake zinafunika wengine. Rangi ya chupa ilififia kwa jua la dirishani, ibadilishwe kila asubuhi.

Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu waliokuja walikaa zaidi kwenye meza ya forodha. Wao ndio wanaopokea boksi, wanaokagua lebo, na wanaoulizwa na mteja kama dawa ni yenyewe. Mmoja aliomba karatasi inayoeleza afanye nini akitilia shaka boksi lenye herufi BP. Hiyo haikuwa sehemu ya mpango, lakini ni ombi la haki, nimeanza kuiandaa: kuangalia namba ya toleo, tarehe ya kuisha, usajili, hali ya vidonge, na kutoa taarifa kwa mamlaka ya dawa badala ya kuirudisha kimyakimya kwa msambazaji.

Hesabu: plywood 110,000; fundi 60,000; bango lililoachwa 60,000; karatasi nane za A2, 64,000; silinda na dropa 30,000; spiriti na iodini 14,000; nati na washa 7,000; mizizi iliyoondolewa 6,000; kadi 12,000. Jumla shilingi 363,000. Anayeiga bila bango na bila mizizi atatumia 297,000, na akiwa na meza za kawaida darasani ataondoa plywood na fundi, abaki na 127,000.

Seti inasafiri kwa bajaji moja. Funga silinda ndani ya matambara, beba spiriti peke yake ikiwa imefungwa vizuri, na nati za wakia ziwe kwenye mfuko mkavu. Kabla ya kila onyesho zipime upya.